Juu ya nini Desabre alimtoa Mpasi: namna ya kumpima mchezaji siku ya penalti

Usiku wa tarehe 16 Novemba 2025, mjini Rabat, muda wa nyongeza ulikuwa karibu kuisha. RDC na Nigeria walikuwa 1-1. Frank Onyeka alikuwa amefunga mapema sana, dakika ya 3, Meschack Elia akasawazisha dakika ya 32, na tangu hapo mpira ukakataa kuingia. Penalti zilikuwa zinakuja. Ndipo kocha Sébastien Desabre akamwita kipa wa akiba, Timothy Fayulu, na kibao kikainuliwa: Lionel Mpasi atoke.

Mwenye kukumbuka CAN ya Côte d'Ivoire lazima alishtuka. Mpasi njo yule wa San Pedro, tarehe 28 Januari 2024, mbele ya Misri. Mechi iliisha 1-1, penalti zikapigwa mpaka zamu ikafikia makipa wenyewe. Gabaski wa Misri akapiga mti wa juu. Mpasi akaweka mpira chini, akafunga, 8-7, Leopards wakaingia robo fainali. Mtu kama huyo, unamtoa wakati penalti zinakuja? Si hiyo njo saa yake?

Fayulu akaingia. Dakika chache baadaye aliokoa penalti ya Semi Ajayi, kapiteni Chancel Mbemba akafunga ya mwisho, na RDC ikashinda 4-3. Ekipe ikabaki katika njia ya kwenda Mondial ya 2026, mashindano ambayo mpaka usiku ule nchi ilikuwa imecheza mara moja tu, mwaka 1974, wakati ingali Zaïre. Maneno yakageuka palepale. Kocha ambaye dakika kumi mbele alikuwa mwenda wazimu, sasa alikuwa profesa.

Lakini swali la wale walioshtuka lilikuwa swali zuri, na halikujibiwa na matokeo. Mchezaji anapimwa na nini: mechi hamsini za mwaka mzima, ao dakika kumi za mechi ambayo ukipoteza unarudi nyumbani? Wapenzi wengi wa mpira wana jibu tayari. "Ligi kila mtu anacheza. Wanaume tunawaona siku ya fainali." Ndani ya maneno hayo kuna ukweli. Kuna pia hesabu mbaya, na hesabu hiyo imewaharibia watu jina bure.

Presha iko kweli

Tuanze na ukweli. Penalti inapigwa mita 11 kutoka goli lenye upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Mpira uliopigwa kwa nguvu unafika golini katika nusu sekunde hivi. Kipa akingoja aone mpira unaenda wapi, amekwisha kuchelewa. Lazima abahatishe upande ao asome mwili wa mpigaji. Kwa hiyo mpigaji ana faida kubwa: kwa ujumla, penalti kama tatu kati ya nne zinaingia. Kama presha ingekuwa hadithi ya watu wa radio tu, hesabu hiyo ingebaki ileile siku zote.

Haibaki. Profesa Geir Jordet wa Norway amechunguza kwa miaka mingi penalti zinazoamua mechi za mashindano makubwa. Alikuta kwamba mchezaji ambaye penalti yake ikiingia ekipe inashinda palepale, anafunga zaidi ya mara 9 kati ya 10. Mchezaji ambaye akikosa ekipe inatolewa palepale, anafunga kama mara 6 tu kati ya 10. Mpira ni uleule na mita 11 ni zilezile. Kilichobadilika ni kitu ambacho mtu anabeba kichwani wakati anatembea peke yake kutoka katikati ya uwanja mpaka pale penye nukta nyeupe. Jordet aliona pia kwamba wale wanaopiga haraka mara tu filimbi inalia wanakosa zaidi. Ni kama mtu anataka tu mateso yaishe.

Hapo wapenzi wa mpira wana haki: presha iko, na haiwapati watu wote sawasawa. Lakini angalia vizuri hizo namba. Usiku uleule, uwanja uleule, mmoja anapewa penalti ya 9 kati ya 10 na mwingine anapewa ya 6 kati ya 10. Kesho yake asubuhi, nani anauliza ilikuwa ya aina gani? Penalti ya Mpasi ku San Pedro ilikuwa ya kushinda: Gabaski alikuwa amekwisha kukosa, na Mpasi kama angekosa, mechi ingeendelea. Ya Mbemba ku Rabat nayo ilikuwa ya kushinda. Hiyo haiondoi kitu kwa sifa yao, waliweka mpira ndani. Ila si haki kuwalinganisha na mtu aliyepiga huku mlango wa kutokea umefunguliwa nyuma yake.

Wachezaji wanne, roho moja

Sasa hesabu mbaya iko wapi? Iko katika uchache. Mchezaji, hata awe mkubwa namna gani, hapigi penalti nyingi za kuamua mechi akiwa na ekipe ya taifa. Tuseme amepiga nne katika maisha yake yote, na hiyo ni mingi.

Chukua wachezaji wenye uwezo sawa kabisa, kila mmoja wa kufunga tatu kati ya nne, na roho sawa kabisa. Kila mmoja apige penalti nne. Ukifanya hesabu, kama theluthi moja kati yao watafunga zote nne. Hao wataitwa watu wa chuma, hawaogopi kitu. Lakini karibu robo yao watakosa mbili ao zaidi, na hao wataitwa waoga mpaka siku wanapostaafu. Kumbuka, tulianza na watu wenye uwezo mmoja. Bahati tu njo imewagawia majina.

Historia ya Leopards wenyewe inaonyesha jambo hilo. Mwaka 1998 ku Ouagadougou, wakitafuta nafasi ya tatu, walikuwa nyuma 4-1 mbele ya Burkina Faso, wakarudisha mpaka 4-4 na kushinda kwa penalti. Mwaka 2015 ku Malabo, mbele ya Guinée équatoriale, 0-0, wakashinda penalti 4-2, tena kwa nafasi ya tatu, na golini alikuwa Robert Kidiaba mwenye miaka 39. Basi watu wakaanza kusema Wakongomani na penalti ni ndugu. Mwaka 2019 ku Alexandria ikaja Madagascar, nchi iliyokuwa inacheza CAN yake ya kwanza. Mechi 2-2, Marcel Tisserand na Yannick Bolasie wakakosa, Leopards nje.

Halafu 2024. Tarehe 28 Januari wanaitoa Misri, ekipe yenye makombe saba ya Afrika, kwa penalti tisa kila upande. Tarehe 10 Februari ku Abidjan, wakitafuta nafasi ya tatu na Afrika Kusini, 0-0, wanapoteza penalti 6-5. Kocha ni yuleyule, wachezaji karibu ni walewale, hata wiki mbili hazijapita. Kama ekipe ilikuwa na roho ku San Pedro, roho hiyo ilipotelea wapi ndani ya siku 13?

Na hata yule aliyewashinda siku hiyo ni mfano. Kipa wa Afrika Kusini, Ronwen Williams, alikuwa ameokoa penalti nne katika robo fainali na Cap-Vert. Nne! Magazeti yakamwita mfalme. Siku nne baadaye, nusu fainali na Nigeria, Afrika Kusini ikapoteza, tena kwa penalti, 4-2. Siku tatu tena, mbele ya RDC, akawa mfalme upya. Mtu hawezi kuwa jasiri Jumamosi, muoga Jumatano, jasiri tena Jumamosi nyingine. Alikuwa kipa mzuri siku zote tatu.

Katika mechi hiyo ya Abidjan, kati ya penalti za Leopards ambazo hazikuingia, moja ilikuwa ya kapiteni Mbemba. Ya Elia iliokolewa na Williams. Ni wao wawili. Miezi 21 baadaye, ku Rabat, Elia ndiye aliyesawazisha na Mbemba ndiye aliyemaliza, siku tatu tu baada ya kuifunga Cameroun goli la dakika ya 91 ambalo liliipeleka RDC kwenye mechi hiyo ya Nigeria. Mtu aliyempima Mbemba kwa usiku wa Abidjan angemweka kando kwenye orodha ya wapigaji. Desabre hakufanya hivyo.

Kipa anayesimama tu

Kwa makipa, hukumu ya watu ni mbaya zaidi, juu inabadilisha hata namna wanavyocheza.

Watafiti wa Israel waliangalia penalti 286 za ligi kubwa na mashindano mbalimbali. Makipa waliruka kushoto ao kulia karibu kila mara. Walibaki katikati kama mara 6 tu kwa kila penalti 100. Lakini wapigaji walikuwa wanapeleka mpira katikati mara nyingi kuliko hapo, zaidi ya robo ya penalti. Na makipa wachache waliobaki katikati waliokoa theluthi moja, kuliko wale walioruka. Basi juu ya nini wasibaki? Watafiti walieleza hivi: kipa akiruka upande usio wake, watu wanasema amejaribu. Akisimama katikati na mpira ukaingia pembeni, watu wanasema "huyu alikuwa anaangalia sinema." Anaogopa hukumu ya watu kuliko anavyoogopa goli.

Gabaski wa Misri anajua hukumu hiyo. Katika CAN iliyochezwa Cameroun mapema 2022 aliingia kama kipa wa akiba baada ya Mohamed El Shenawy kuumia, akaipeleka Misri mpaka fainali, akiokoa penalti njiani. Katika fainali yenyewe na Senegal aliokoa penalti ya Sadio Mané dakika za kwanza kabisa. Usiku huohuo, mechi ilipofika penalti za mwisho, Mané akarudi mbele ya Gabaski yuleyule, akafunga, na Senegal ikapata kombe lake la kwanza. Kama mechi ingeisha dakika ya kumi, Mané ni mtu wa kuvunjika siku kubwa. Iliisha baada ya saa mbili na zaidi, na Mané ni shujaa wa taifa.

Kuna mwingine usiku ule ambaye watu wanamsahau. Mohamed Salah aliwekwa apige wa mwisho kwa Misri. Zamu yake haikufika. Hakukosa, hakufunga, hakupimwa. Wiki saba baadaye ku Diamniadio, Misri na Senegal wakakutana tena, safari hii kwa tiketi ya Mondial, na Salah akapiga juu ya goli. Ni mchezaji yuleyule. Katika mechi moja kocha alimweka mwisho kwenye orodha, katika nyingine alipiga mwanzoni.

Wamarekani nao wana ugomvi huu

Familia nyingi za Kongo zinazoishi Marekani zimekwisha kusikia mabishano kama haya kazini ao shuleni kwa watoto, ila huko jina lake ni quarterback. Katika mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, quarterback ndiye anayepokea mpira kila mwanzo wa shambulizi na kuamua: aurushe mbali, ampe mwenzake akimbie nao, ao abaki nao mwenyewe. Ligi yao, NFL, ina mechi 17 za kawaida kwa kila ekipe, kisha playoff, ambapo ukipoteza mara moja msimu wako umekwisha, mpaka fainali inayoitwa Super Bowl. Na huko wanasema kama huku: quarterback wa kweli anaonekana playoff.

Mtu aliyebebeshwa mzigo huo kuliko wengi ni Peyton Manning. Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi mara 5, hakuna aliyempita. Lakini mara 9 ekipe yake ilitolewa katika mechi yake ya kwanza ya playoff, na kwa miaka wapinzani walisema hana moyo wa siku kubwa, wakimlinganisha na Tom Brady aliyekuwa anakusanya vikombe. Manning alishinda Super Bowl mara mbili. Ya pili, ya msimu wa 2015, njo inachekesha: ulikuwa msimu wake mbaya kuliko yote ya uzeeni. Katika mechi za kawaida alitoa pasi 9 za kufunga na 17 zikaibiwa na wapinzani, hata akawekwa benchi kwa muda. Ekipe yake ya Denver ilibebwa na walinzi wake. Basi kwa kipimo cha "amekuwa bingwa ao hapana", Manning wa 2015 ni bora kuliko Manning wa miaka aliyokuwa anavunja rekodi. Nani aliyemwona akicheza anaweza kukubali hiyo?

Na mdogo wake, Eli, ni kitendawili cha upande wa pili. Katika mechi za kawaida alimaliza kazi yake na ushindi 117 na kushindwa 117, sawasawa kabisa, mtu wa katikati. Lakini Super Bowl mbili alizocheza alishinda zote, na zote mbele ya Brady, moja ikiwa dhidi ya ekipe iliyokuwa haijapoteza mechi hata moja msimu mzima. Mpaka leo Wamarekani wanabishana huyu ni mkubwa ao ni mtu wa bahati. Jibu la kweli pengine ni kwamba alikuwa mchezaji mzuri, katika ekipe iliyokuwa na walinzi wakali siku zinazofaa, na aliyekuwa mtulivu. Utulivu ni kitu, ila si kitu peke yake. Quarterback haulindi mstari wake mwenyewe, kama vile mpiga penalti wa tano hawezi kurudisha penalti iliyokosewa na wa pili.

Mwalimu aliyetangulia

Turudi ku Rabat. Alichofanya Desabre kilikuwa na mwalimu wake. Tarehe 5 Julai 2014, Mondial ya Brazil, robo fainali: Uholanzi na Costa Rica, 0-0. Muda wa nyongeza unaisha, Louis van Gaal anamtoa kipa wake Jasper Cillessen na kumwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti tu. Krul akaokoa mbili, Uholanzi ikapita 4-3. Dunia nzima ikapiga makofi. Wachache walikumbuka kwamba huko Newcastle Krul alikuwa ameokoa penalti 2 tu kati ya 20. Yaani ukimpima kwa ligi, hakuwa bingwa wa penalti hata kidogo. Van Gaal alitazama urefu wake na mikono yake, alimtayarisha ajue kila mpigaji anapenda upande gani, na alijua pia kwamba kuona kipa mpya anaingia wakati ule kunawasumbua wapigaji.

Nusu fainali na Argentina ikafika penalti tena. Van Gaal alikuwa amemaliza nafasi zake tatu za kubadilisha. Cillessen akabaki golini, hakuokoa hata moja, na Uholanzi ikapoteza 4-2, ila tukumbuke kwamba Wesley Sneijder na Ron Vlaar nao walikosa zao.

Kwa hiyo kubadilisha kipa si kumdharau yule anayetoka. Kocha anasema hizi ni kazi mbili. Kukaa golini dakika 120, kupanga mabeki, kutoka kwenye kona, kucheza na miguu: hiyo ni kazi moja. Kusimama mbele ya wapigaji sita mmoja baada ya mwingine ni kazi nyingine, na inawezekana mtu wa kwanza kwa hii awe wa pili kwa ile.

Basi mtu anayetaka kumpima mchezaji wa siku kubwa aangalie nini? Aangalie kwanza alichokuwa nacho mikononi mwake: je, alienda penye mpira bila kukimbilia, alipiga mahali alipotaka, ao alibadilisha nia katikati ya hatua? Penalti nzuri inaweza kuokolewa na kipa aliyebahatisha upande. Penalti mbovu inaweza kupita chini ya tumbo lake. Kisha ahesabu ni mara ngapi, na ikiwa ni mbili ao tatu tu, asiweke muhuri. Na jambo ambalo ku nganda halisemwi sana: aangalie nani alikubali kupiga. Kocha anapouliza nani anapiga, kuna anayenyanyua mkono na kuna anayefunga upya kamba za viatu ambazo zimekwisha kufungwa. Wa pili hatakosa penalti maisha yake yote.

Mbemba alikosa Abidjan akiwa kapiteni, na Rabat alikwenda tena.

Kuhusu Mpasi, kabla ya kibao kuinuliwa alikuwa amekaa golini dakika karibu 119, na katika dakika hizo Nigeria, pamoja na washambuliaji wake wote, ilipata goli moja tu, lile la dakika ya 3. Kama angefungwa la pili, Fayulu angemaliza usiku ule benchi.